Kikohozi cha Kwenye Drafti

Juzi pale Rujewa, tukisubiri mpunga wetu ukobolewe mashineni, mwalimu mmoja alitusomea gazeti: huko ng'ambo wameifundisha mashine kucheza drafti, nayo inawafunga watu. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza drafti ya visoda peke yake, pande zote mbili, akainua kichwa.

"Mwalimu, inaweza kucheza kama marehemu kaka yangu?"

"Wakiiandikia michezo yake yote, mzee wangu, pengine."

"Kaka akitaka kuniachia nishinde, alikuwa anakohoa, ili nisimtazame mkono. Na hilo wataliandika?"

Mwalimu akakunja gazeti. Mimi, ninayejiita mwandishi, nikatazama pumba.

Mzee akainamia ubao, akasogeza kisoda cha kaka yake mahali pa kuliwa, akakohoa.