Posa ya Mjerumani

Nakumbuka siku moja, Jumapili ya baridi, mwanangu, nilipopanda ngazi za nyumba moja huko ughaibuni, Thornton Heath, nikiwa mshenga, na ulimi mzito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa kijana mwenye haya, shule nimeishia ya msingi. Lakini Yusufu, Mjerumani aliyesilimu, niliyefanya naye kazi kiwanda cha mikate Croydon, hakuwa na mzee wa kumsemea, na kwetu mtu hajiposei mwenyewe. Alimpenda Mwanaidi, binti wa Mzee Haji, na Mwanaidi alimpenda. Ila bila ridhaa ya baba hapakuwa na ndoa.

Mimi na Yusufu tukakaribishwa kahawa na halua. Maneno ya posa nikayatoa, mengine nikayameza. Mzee Haji akaweka kikombe chini.

"Kijana huyu simjui, ila mkubwa wao wa zamani namjua," akasema. "Yule Chansela wa Chuma. Aliwaunganisha Wajerumani wakawa taifa moja, kisha akawaita wenziwe Berlin, wakaizunguka Afrika kama sinia la pilau. Unguja akaleta manowari, mizinga ikaelekea kasri la Sultani, ili tupokonywe bara. Leo wamerudi kwa binti yangu?"

Yusufu akainamisha kichwa. "Ni kweli, baba. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba alianzisha bima ya wagonjwa na pensheni ya wazee. Ya manowari nimeyasikia kwa Mwanaidi."

"Pensheni kwa wazee wenu, mizinga kwa wetu."

Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini siku ile sikuwa na hakika. Nikawa natazama mlango.

Ndipo Bi Mize, mama yake Mzee Haji, akasema kutoka kiti chake karibu na hita. "Haji, manowari zile aliziona baba yangu. Wewe umehadithiwa na mimi. Basi nisikilize na hili. Baada ya Mapinduzi ulitolewa nyumbani kwako kwa kosa gani?"

Mzee Haji akakizungusha kikombe chake.

"Sema, mwanangu. Mgeni asikie."

"Kosa la babu mzaa baba," akasema taratibu. "Walisema alikuwa na watumwa shambani. Nami hata sura yake siijui."

"Na alikuwa nao, tusifiche. Lakini wewe ulikuwa karani wa posta mwenye watoto wachanga. Sasa huyu uliyempa kahawa, manowari alizileta yeye?"

Mzee Haji akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. Akamsogezea Yusufu sahani ya halua.

"Pweza unakula?"

"Nakula, baba. Tumbo ndilo halijazoea."

"Litazoea. Mahari nitazungumza na mshenga wako, akishapata sauti."

Bi Mize akacheka mpaka akakohoa.

Mwanangu, sikuambii usahau. Wasimulie wanao habari za Chansela yule, pensheni na mizinga pamoja, na ya babu zetu pia usiyafunike. Ila aliyekaa mbele yako mpime kwa matendo yake, usimbebeshe ya waliokwisha kuzikwa. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na hatugangi kwa kumfungia mlango mtoto wa mtu.

Mungu akupe kifua cha kukumbuka bila kuchukia, akujaalie wazee wa kukukanya mapema, na wageni wasikome mlangoni kwako. Amin.