Punguza Ubavuni

Mama Pindo hakupewa jina hilo bure. Mtaa mzima haukuwa na fundi aliyejua kukunja pindo la suruali kama yeye. Na alijua kwamba anajua! Mteja akishukuru, yeye hujibu, "Asante ya nini, si ndiyo kazi yangu?" huku meno yote yako nje. Hata Kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipokunjiwa suruali yake ya buluu alilisifu pindo zima mpaka fundi akaona haya.

Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo arudishiwe sketi. Mteja aliitandaza juu ya cherehani, akaonyesha mshono kwa kidole. Sketi ya buluu, uzi mweusi! Mama Pindo aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatazama, moyo ukamlipuka. Pale kitini pake angeapa kuwa ule uzi ni wa buluu.

"Mama, ni macho," bintiye alimwambia jioni ile. "Twende ukapimwe."

"Macho yangu hayana neno. Mti wa Kinyozi ndio unaonitia giza."

Na mti kweli ulikuwepo. Ulikuwa mwarobaini ulioota ukajisahau: matawi yameruka ukuta, yameziba dirisha la chumba cha kushonea, majani yamejazana juu ya bati. Mchana kweupe Mama Pindo alitunga uzi kwa kupapasa, na akiwasha taa, mkono wake mwenyewe unamtilia kivuli. Basi si aende akaseme? Wapi! Alikuwa anaogopa. Mti ukikatwa na uzi ukaendelea kumkataa, atamsingizia nani tena? Fundi asiyeona uzi atafanya kazi gani, auze vifungo?

Nguo ya pili iliporudishwa, woga uligeuka hasira, na hasira ilimfaa zaidi. Alijifunga kanga kiunoni akaenda. Alimkuta Kinyozi chini ya mti huohuo, ambako wateja wake hukaa kwenye benchi wakingoja zamu.

"Jirani, huo mti wako. Nakuomba uupunguze."

"Niupunguze tu, dada? Nitaupunguza kesho asubuhi!" Alijibu haraka mno, kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa siku nyingi.

Asubuhi msumeno ulilia weee, kisha ukanyamaza. Mama Pindo akafungua dirisha. Giza lilelile. Alitoka mbio, na alichokiona kilimtoa macho: mti ulikuwa umekatwa kichwani, duara safi kabisa, umependeza kama bwana harusi. Matawi ya upande wa dirisha lake hayakuguswa hata jani.

"Hii ndiyo nini?"

"Si ulisema nipunguze?" Kinyozi alikuwa bado anaitazama kazi yake kwa mapenzi. "Nimepunguza. Juu nimesawazisha, na nyuma nimeweka umbo. Ungetaka vingine ungesema ninyoe."

"Kupunguza ni ubavuni! Nguo ikikupwaya nakupunguzia ubavuni. Nani anapunguza juu?"

"Kwako wewe, dada. Kwangu mtu akisema punguza, naanza juu. Ubavuni mpaka aniombe."

Benchi zima likaingilia kati, wengine upande wa nguo, wengine upande wa nywele. Mama Pindo alijikaza asicheke, akashindwa, akaegemea ukuta. Alipopata pumzi alitoa chaki yake ya kushonea, akapanda kwenye kiti cha Kinyozi, akachora tawi moja baada ya jingine.

"Mshono ni hapa. Huku kwako bakiza, benchi lisikose kivuli. Huku kwangu toa yote."

"Haya, fundi. Ila kaa ndani, yasije yakakuangukia."

Kinyozi alizunguka na ngazi upande wa dirisha. Mama Pindo akakaa kitini pake, mikono mapajani. Tawi la kwanza likaanguka, mwanga ukaingia mezani. Likaanguka la pili, na chumba kikaonekana mpaka utando wa buibui pembeni. Sindano ilikuwa mbele yake. Hakuthubutu kuigusa.

Akainua macho dirishani badala yake. Mguu wa Kinyozi ulikuwa pale kwenye ngazi, na ile suruali ya buluu, na lile pindo. Uzi wa kijani! Aliuona kila ulipochoma na ulipotokea, kutoka palepale kitini.

"Kinyozi! Hilo pindo nimelishona na uzi wa kijani!"

Msumeno ukasimama. "Najua. Nililiona siku uliyonipa."

"Na ukaivaa muda wote huu? Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, dada? Giza lenyewe ni langu."

Mama Pindo alichukua sindano, akaulowesha uzi kwa ulimi, ukapita mara moja. Machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke, kwa furaha aliyokuwa nayo.

"Vua hiyo suruali nikutengenezee."

"Sasa hivi? Mimi niko juu ya ngazi!"

Benchi, ng'ambo ya ukuta, likaangua kicheko.

"Basi malizia hilo tawi kwanza," alisema Mama Pindo, na mkono wake ukaenda kwenye boksi la nyuzi ukatoa wa buluu, bila kuupeleka mlangoni.