Majani Juu ya Pipa la Mnara

Minye sikusoma sana, kwa hiyo musiniulize chuma inachoka namna gani. Lakini inachoka. Nimeona moja ikichoka mpaka ikakatika, na ile ilikuwa imesimama kichwani mwa bibi yangu, mama ya watoto wangu.

Ngoja nieleze vizuri. Yeye alikufa na kifua, tukamuzika mu parsele yetu, kiwanja cha nyumba, kusini kidogo ya Uvira, nyuma ya jikoni. Wakati ule ziwa lilikuwa mbali. Kuku iliweza kuchoka mbele ya kufika kwenye maji. Kisha bamama wanaouza mikeke, wale samaki wa ziwa, wakaletewa mashini ya upepo, ya kuwashia frigo yao ya baridi, na mnara wake ukasimikwa pembeni ya kaburi. Nilikubali. Nilifikiri atapata mwenzake.

Ziwa likapanda. Kwanza lilimeza choo, tukacheka. Likameza jikoni, likameza kaburi, kisha nyumba yenyewe, na hakuna aliyecheka tena. Nikahamia ng'ambo ya barabara, kwa bwashemeji, mudogo wa marehemu. Mnara ukabaki peke yake mu maji, ukizungusha mabawa. Kila asubuhi niliuangalia: pale chini njo alipo. Nikitaka kumusemesha, nilijua nielekeze uso wapi. Mwenye hajafiwa hajui kazi ya alama.

Lakini mnara ukaanza kutetemeka. Mawimbi yanaupiga chini, upepo juu, nao unalia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Ng'ombe nawajua, niliwachunga Luberizi nikiwa kijana, na kilio kile hakimuache muntu alale.

Enjeniyeri akatoka Bukavu, akaupanda, akashuka na uso mubaya.

"Muzee, chuma iko inachoka. Kila mutikisiko unaikula kidogo. Ukikunja waya huku na huku, siku zote, ule waya utafanya nini?"

"Utakatika."

"Njo vile, ndiyo hivyo."

Akafunga pipa kule juu, akatia maji nusu. Alisema mnara ukienda huku, maji yanachelewa, yanarudi kuupinga, na ule mutikisiko unaishia mu maji badala ya kuishia mu chuma. Nilimuona kama mulozi. Lakini kilio kilipungua kweli, nikalala. Bwashemeji akapewa kazi ya kupanda kuongeza maji.

Kiangazi kilipofika, upepo wa kusini ukakaza. Bwashemeji akashuka amelowa mpaka kofia.

"Ile maji inacheza kama mulevi wa kasiksi! Inamwagika yote. Kwani hapa hakuna muntu amesha kubeba ndoo?"

Kwetu mwanamuke akitoka kuchota, anaweka majani juu ya ndoo, maji yatulie, yasimulowishe mugongo. Marehemu alipenda jani la mugomba. Alikuwa anarudi na kitambaa chake kikavu, akiwachokoza wenzake. Basi bwashemeji akakata majani ya mugomba na vipande vya shina lake, akavijaza mu pipa. Akashuka anacheka.

"Bwashemeji, nimeituliza! Hata tone haitoke."

"Weye njo enjeniyeri sasa," nikamwambia. Bamama wakamupa mikeke ya kuchoma.

Maji yakatulia. Mnara ukaanza tena kulia. Tulisema ni upepo umezidi.

Asubuhi moja, tukiangalia, uliinama kama muntu anayetafuta kitu kilichoanguka, ukakatika pale chuma ilipoungwa na moto, ukaingia mu maji. Kishindo kidogo tu. Pipa likaelea mpaka kwetu, majani bado ndani.

Enjeniyeri aliporudi aliyaangalia sana. "Nani alituliza maji?"

"Ni minye," bwashemeji akasema.

"Yalitakiwa kucheza, baba. Kule kucheza njo ilikuwa kazi yake."

Siku ile bwashemeji hakula. Hata leo, akiona mwanamuke na jani juu ya ndoo, anageuza uso.

Bamama walivuta vyuma vyote inje. Sasa ziwa ni sawasawa, huku na huku, alama hakuna.

Siku ya kumukumbuka marehemu tunaenda na mutumbwi, sisi wawili. Mara ya mwisho bwashemeji aliacha kupiga kasia.

"Ni hapa," akasema.

Niliangalia mulima, nikaangalia barabara. Kwa hesabu yangu tulikuwa tumelipita kaburi, tuko juu ya choo. Lakini alikuwa ananitazama, anangoja.

"Ndiyo," nikasema. "Ni hapa." Nikatoa kofia.