Matembezi ya Bure Singapuri

Doriani, tunda lile la miiba lenye harufu kali, halifichiki. Lifunge kwa gazeti, litie kwenye mfuko juu ya mfuko, litakusema tu. Hapa Bankstown, Sydney, kuna duka la Wavietinamu wanaoyapanga mlangoni, na kila nikipita pua yangu inanirudisha Singapuri, msimu ule nilipokuwa na miaka tisa, nikatembezwa mji mzima mpaka nikaanza kuogopa. Watu husema utoto ni raha. Labda wao. Mimi msimu ule nililala jicho moja wazi.

Tulitoka Tanga kwa meli, mimi na Mama, kwenda kumtazama dada yake. Huyo mama mkubwa, Salha, aliolewa na Mwarabu wa Hadhramaut mwenye duka la vitambaa kule, na nauli alituma yeye. Hakujaliwa kupata mtoto. Walikaa ghorofani, juu ya duka, nyumba inanukia ubani na majora mapya, na chini barabarani wauzaji wanapasua doriani kutwa. Kila Ijumaa baada ya sala, na Jumapili duka likifungwa, tulitoka. Mama mkubwa hakupenda kupoteza. "Macho hayalipi kiingilio," alikuwa akisema, basi tulikwenda kusikolipiwa: bustani kubwa ya maua ambako kima walishuka mitini kunyang'anya watu ndizi, bandarini kuhesabu meli, kilima cha upepo kinachoonyesha mji wote. Tulipanda basi mpaka mwisho wa njia, tukashuka, tukatazama vijumba vya watu vilivyosimama juu ya nguzo majini, tukapanda lile lile kurudi. Chakula tulibeba wenyewe, wali wa nazi umefungwa katika jani la mgomba, na dagaa wa kukaanga pembeni. Wali ule ulikuwa mtamu, siwezi kuudhulumu.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mama yangu alikuwa mtu ambaye kunipeleka pwani tu, pale pale Tanga, ilikuwa ugomvi wa wiki nzima. Leo ananishika mkono, "Mwanaidi, tazama kima yule! Mwanaidi, umeona meli ile?" Tangu lini? Halafu, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwezi uliisha sijapewa hata ufagio. Nikioga, nakuta maji yamepashwa moto. Nikilala, mama mkubwa anakuja kunifunika. Nikajiuliza, kuku hutupiwa mtama mwingi hivi lini? Siku moja akanishonea magauni matatu. Mawili yalinikaa vizuri. La tatu, la rangi ya zambarau, lilinifika kwenye vifundo vya miguu na mabega yakanining'inia. Nikamwambia ni kubwa. Akajibu, pini mdomoni, "Hili la mwakani." Nikamtazama Mama. Mama akawa anatafuta uzi sakafuni, na uzi ulikuwa mkononi mwake.

Nilijua basi. Kwetu jambo hili si geni; mwenye watoto humpa nduguye asiye naye mmoja amlee, na hakuna anayesema ni vibaya. Mtoto wa dada yako ni wako. Ila mtoto mwenyewe haulizwi, husikia tu siku mzigo wa mama yake unapofungwa peke yake.

Jumapili iliyofuata tulivuka kwa boti kwenda kisiwa kidogo chenye kaburi la walii. Asubuhi ile sikumwamkia mama mkubwa. Nilipita mbele yake kama napita mbele ya kabati. Kwa mtoto wa Kitanga, kumnyima mkubwa shikamoo ni bora umtupie jiwe. Hakuniuliza mpaka tulipotandika mkeka kisiwani.

"Mwanaidi, leo huniamkii?"

"Simwamkii mtu anayetaka kuniiba."

Kofi la Mama lilifika kabla sijafunga mdomo. Mama mkubwa akamshika mkono. "Mwache. Kwani hujamwambia?"

"Nilitaka azoee kwanza, dada."

"Azoee? Mimi niliomba mtoto, sikuomba kuku wa kutegwa." Akanigeukia, uso hauna hasira wala kicheko. "Nakuuliza mimi basi. Utakaa na mimi?"

"Sitaki."

Akafungua jani la wali polepole, akaliweka mbele yangu. "Haya. Kula, boti haisubiri mtu."

Hakurudia tena neno lile. Tulipoondoka alilitia gauni la zambarau ndani ya mzigo wetu, na mwaka uliofuata, Tanga, lilinikaa sawasawa. Kila nikilivaa Mama alitoka chumbani. Nilikuwa na haki ya kushuku, na nilishuku kweli tupu. Lakini mapenzi ya yule mwanamke nayo yalikuwa kweli tupu, na hilo nimelijua nikiwa mtu mzima, yeye keshazikwa huko, bila mtoto wa kumsomea.

Sasa nimeupita umri aliokufa nao. Mwanangu Zainabu anafanya kazi ya kutunza wazee hapa Sydney, na Jumapili zake zote zilikuwa za kazi. Mwezi huu kila Jumapili yuko nyumbani. Ananipakia chapati na chupa ya chai, tunapanda treni kwa nauli nafuu, wiki moja tukapita Penrith, ukingoni mwa mji, mpaka milimani, juzi tukapanda feri kwenda Manly. "Mama, tazama ndege wale. Mama, umeona daraja?" Nimeliona daraja hilo miaka kumi na minane. Feri ilipofika katikati ya maji nikamuuliza, "Zainabu, unanitembeza au unaniaga?"

Akacheka. Kisha hakucheka. "Nimekwenda kuangalia mahali wanapotunza wazee tu, Mama. Sijasaini. Ni karibu, na kuna bibi mmoja wa Mombasa, mtazungumza. Ukianguka nikiwa zamu, nani atakuokota?"

Nitampa haki yake: amesema kabla feri haijatia nanga, na mama yangu asingesema. Hapo watoto wa leo wametuzidi. Nikamwambia sitaki. Nilipokuwa na miaka tisa neno hilo lilitosha. Watu wazima wawili walilikubali, na mama mkubwa akarudi nyumbani kwake mikono mitupu. Zainabu alinifunga shingo ya sweta, akasema kwa upole, "Nimesikia, Mama." Nami namjua. Nimemsikia mara nyingi akiwaambia hivyo hivyo, kwa simu, wazee wa kazini kwake, pale anapokuwa keshaamua.