Baba Mkwe Chini ya Gari

Katikati ya miaka ya tisini mimi na mke wangu tulikuwa tukiishi mtaa wa Fedha, Nairobi, katika nyumba ya vyumba viwili, na tulikuwa na gari dogo la milango miwili ambalo lilikuwa limezeeka kabla hatujakutana nalo. Mlango wa abiria ulifunguka kutoka nje tu. Kila tulipofika mahali nilishuka mbio na kuzunguka kumfungulia mke wangu, na majirani waliokuwa hawajui siri hiyo wakanihesabu mume mwenye adabu za kizungu.

Nililipenda gari lile kupita kiasi, na mtu akipenda kupita kiasi huacha kuona kasoro. Kutu ilikuwa imetoboa sakafu kando ya gia, tundu la kupitisha vidole viwili. Nilitandika kipande cha zulia juu yake nikaona nimemaliza kazi. Mngurumo nao ulikuwa umeongezeka mwezi baada ya mwezi. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mchonga vinyago kutoka kwetu Ukambani, aliniambia asubuhi moja, "Hiyo gari yako siku hizi inalia kama mashine ya kusaga unga." Nikamjibu kwamba wazee wote hukohoa.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Kila siku nilimpeleka kazini Industrial Area, na kila siku alishuka akiwa ameshika paji la uso. Kichwa kilimuuma, akasikia kichefuchefu, wakati mwingine alisinzia njiani hadi nikamwamsha. Kliniki walimwambia hayo ni mambo ya mimba, yatapita.

"Lakini kuna kitu sielewi," aliniambia jioni moja. "Ile wiki ulipokuwa Mombasa kwa kazi, nikawa naenda kwa basi, sikuumwa hata siku moja."

"Basi kichwa chako kinanikimbia mimi," nikamtania. Tukacheka wote wawili. Bado naona haya nikikikumbuka kicheko kile.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, baba yake alikuja Nairobi. Alikuwa amestaafu kutoka karakana ya reli na kurudi kwao upande wa Kakamega, na sasa alikuja kumtazama mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Ndugu huyo alifanya kazi katika baraza la jiji na aliishi Mbotela, na mzee akafikia huko. Kulala kwetu hakungewezekana. Kwa mila yao baba halali nyumbani kwa binti yake. Lakini kula angeweza, na mke wangu akasema Jumapili tutakwenda kumchukua baada ya kanisa.

Niseme ukweli, nilimwogopa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa ajabu, na tangu nimwoe binti yake, miaka miwili nyuma, hatukuwa tumezungumza. Si kwamba tuligombana. Siku nilipokwenda kuposa, mjomba wangu alinionya njia nzima: baba mkwe humtazami machoni, na mbele yake hupazi sauti. Nikazingatia. Nilisimama sebuleni kwao nikiangalia viatu vyangu, nikasema kwa upole maneno niliyokuwa nimeyapanga wiki mbili. Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja na kuomba chai. Tangu siku hiyo kila nilipomsalimu alinitazama kidogo, kisha akageukia upande mwingine. Nikajua hanitaki. Labda alitamani mkwe wa kwao.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha kweli kweli. Tulimkuta Mbotela amevaa suti yake ya kijivu na kofia. Akakaa mbele nami, mke wangu akakaa nyuma, tukafunga madirisha. Niliingia Jogoo Road nikiendesha kwa makini kama mtu anayefanya mtihani. Hatukuwa tumefika mbali mzee alipoinua pua, akavuta hewa mara mbili, kisha akageuka kumtazama binti yake. Alikuwa amelalia dirisha, macho yamefumba.

"Simamisha," akasema.

Nikapeleka gari kando. Akajaribu mlango, haukufunguka, nikatoka mbio kwenye mvua kumfungulia. Alizunguka hadi nyuma ya gari, akainama na suti yake, akapitisha kiganja polepole chini ya gari, kutoka nyuma kuelekea mbele, kama mtu anayetafuta joto la mgonjwa. Aliporudi alishusha kioo chake chote na kumwinamia mke wangu.

"Binti yangu, kichwa kinakuuma?"

"Kila siku, Baba."

Hapo akanitazama mimi. "Ekzosi inavuja," akasema. "Huo moshi unaingia humu ndani. Mkwe, unamvutisha moshi mtu mwenye mimba."

Tulikwenda hadi Fedha madirisha yote yakiwa wazi, mvua ikitupiga usoni. Niliifikiria miezi yote ile, asubuhi baada ya asubuhi, na mzaha wangu wa kijinga.

Nyumbani mke wangu alipakua kuku na ugali, mzee akala bila haraka. Alipomaliza kunawa akasema, "Sasa nipeni nguo ya kazi. Huyu hapandi tena gari hilo mpaka nimelishughulikia."

Nikaona balaa lingine. Baba mkwe kuvaa nguo zangu lilikuwa jambo ambalo hata mjomba hakuwa amelifikiria. Mke wangu aliniokoa: alipanda juu kwa jirani, akarudi na koti lake la kazi lililojaa vumbi la mbao. Jirani mwenyewe akamfuata nyuma, hakutaka kukosa.

Mvua ilikuwa imekatika. Nilipoweka jeki na kuinua gari, nikaanza kujipenyeza chini, mzee alinishika mguu akanivuta nje kama gunia.

"Jeki ni ya kuinulia," akasema. "Si ya kulalia chini yake."

Akatutuma tulete mawe ya kujengea yaliyokuwa yamerundikwa nyuma ya jengo. Akayapanga mwenyewe chini ya gari, kila upande, akaweka mengine mbele na nyuma ya magurudumu, akalisukuma gari kwa bega mpaka akaridhika. Kisha akamwomba binti yake sabuni ya kufulia katika bakuli la maji, na brashi. Akasema katika karakana walitafuta hivyo mahali mvuke unapotorokea: unapaka povu, unangoja litoe mapovu.

Kazi ikagawanywa. Injini iwashwe ikiwa imepoa, jirani azibe mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa kilicholowa, mimi nilale upande wa kushoto nipake povu, na mzee alale upande wa kulia. Mke wangu aliambiwa akae mbali, kwenye ngazi. Na hivyo, mimi na baba mkwe wangu tukajikuta tumelala chali kwenye udongo wa murram wenye unyevu, mabega yakikaribia kugusana, tukitazama tumbo la gari.

Injini ikanguruma. Nikapaka povu kwenye maungio ya bomba, karibu na sailensa, lile kopo la kupunguza mngurumo. Mara hiyo hiyo mapovu yakapanda, makubwa, yakipasuka moja baada ya jingine.

"Hapa, Baba," nikasema, kwa sauti ile ya heshima.

Mzee alikuwa akitazama kwingine.

"Baba, ni hapa."

Hakugeuka. Moshi ulianza kunipiga usoni, macho yakawasha. Nikajaribu mara ya tatu, bila mafanikio. Ndipo nikasahau mjomba, nikasahau mila, nikafungua mdomo na kupiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi barabarani.

"BABA! NI HAPA!"

Jirani aliachia kitambaa, akazima injini haraka. Nilitamani gari lishuke linifunike. Kisha nikasikia kitu cha ajabu pembeni yangu: mzee alikuwa akicheka, tumbo likipanda na kushuka ndani ya koti la jirani.

"Kumbe una sauti!" akasema.

"Nisamehe, Baba."

"Eti?"

"NISAMEHE, BABA!"

"Nikusamehe nini? Sikiliza, kijana. Nimekaa ndani ya boila za treni, yale matangi ya mvuke, miaka thelathini, watu wakigonga chuma nje kwa nyundo. Hili sikio la kushoto lilikufa zamani. Hili la kulia linabahatisha. Tangu uje kwangu kuposa sijasikia neno lako hata moja. Unafungua mdomo, unatazama chini, sauti haitoki. Nikamwambia mama yao, huyu kijana anatudharau, anatusemea puani."

Nilinyanyua kichwa nikamtafuta mke wangu kati ya magurudumu. Nilimwona ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua!" akasema. "Kila mtu anajua! Wewe ulidhani kwetu tunapigiana kelele kwa nini?"

Nilidhani ni watu wa kelele tu. Hilo sikulisema, hata kwa sauti ndogo.

Mzee alikuwa bado amelala chali. Akajipangusa jicho kwa kifundo cha mkono. "Siku ile," akasema, "ulisema maneno marefu. Niliona midomo ikienda. Ulisema nini?"

"Siku ya posa?"

"Eti?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Jirani alikuwa amechuchumaa akisikiliza waziwazi, na madirisha mawili ya ghorofa ya kwanza yalikuwa yamefunguka. Maneno yale ya wiki mbili yalikuwa yamenitoka akilini yote isipokuwa sehemu moja. "NILISEMA NITAMTUNZA!" nikapaza sauti. "NILISEMA NITAMTUNZA BINTI YAKO!"

Aliendelea kutazama bomba. Nilidhani tena hakusikia. Kisha akanipiga kofi jepesi kifuani, mkono wake ukiacha alama ya masizi kwenye shati langu.

"Basi mtunze," akasema. "Lete msasa."

Tulisugua bomba mpaka chuma kikang'aa na tundu likajionyesha, la ukubwa wa punje ya maharagwe, pamoja na ufa mwembamba uliozunguka maungio. Alinituma kwenye duka la spea lililokuwa wazi hata Jumapili nikanunue dawa ya kuziba na klipu mbili. Niliporudi alikuwa amekwisha kukata mkebe wa mafuta ya kupikia kwa mkasi wa jirani na kuupinda ukawa kama bangili pana. Alipaka dawa kwa kidole, akiisukuma ndani ya ufa taratibu, akavisha bati lile juu yake, nami nikakaza klipu. Niliposema imekaza aligusa akasema bado. Niliposema tena imekaza akasema bado. Mara ya tatu hakugusa, alinitazama tu, nami nikaongeza nusu mzunguko mwenyewe.

Mkebe uliobaki ulikwenda kwenye sakafu. Zulia langu alilishika kwa ncha za vidole, kama panya aliyekufa, akalitupa nje. Akapima bati na kipande cha raba, akaziba tundu lile kwa skrubu nne. Tulipowasha injini ilinguruma kwa upole hadi jirani akauliza kama kweli imewaka. Nikapaka povu kila mahali. Halikutoa hata pumzi.

Lakini mzee hakuridhika. Aliniambia tuingie ndani tufunge madirisha, sisi wawili, injini ikiwa inawaka, na mlango wangu niushike tayari. Sikio lake la kulia lilikuwa upande wangu. Tulikaa pale tukinusa kama mbwa wawili wa polisi, na alipoona mimi sisemi aliniuliza baba yangu alifanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa dereva wa lori. Akataka kujua lori gani, na njia zipi, na kama aliwahi kupeleka mizigo steshini. Nilijibu yote kwa kelele. Naye akanisimulia siku yake ya kwanza karakana, alivyoingizwa ndani ya boila kwa sababu alikuwa mwembamba, na alivyolia humo kwa hofu akidhani hakuna anayemsikia, kumbe wote wanamsikia. Hadithi hiyo mke wangu hakuwa ameisikia kamwe. Siku hiyo aliisikia akiwa nje ya kioo, nikisimuliwa mimi.

Ndipo nikazunguka kumfungulia mlango, akamwita binti yake. "Njoo ukae. Unasikia harufu?"

Mke wangu alikaa, akavuta pumzi ndefu. "Nasikia sabuni," akasema.

Kichwa kilimwacha wiki ile ile. Kwa siku nyingi niliamka na hofu juu ya mtoto, na kliniki niliwasumbua kwa maswali mpaka muuguzi akanikalisha chini na kunihakikishia kwamba anacheza vizuri. Alizaliwa kabla ya mvua ndefu kwisha, msichana, mzito, mwenye mikono mikubwa. Kiraka cha mkebe kilidumu hadi alipoanza kutambaa, kisha nikanunua bomba jipya zima.

Mzee alikuja kumwona mjukuu akiwa na suti ile ile ya kijivu. Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto mikononi, amemvika gauni jeupe, akimngojea baba yake apande ngazi. Hakupanda. Tulipochungulia chini tuliona kofia yake imewekwa juu ya boneti, na viatu viwili vilivyopakwa rangi vizuri vikitokeza chini ya gari.

"Baba!" mke wangu akaita. "Karibu kwanza umwone mtoto!"

Sikudhani amesikia. Nikashuka kwenda kumwambia karibu.