Mke Mwenzangu Alitoka Sanaa

Siku ile sikuwa na homa, wala sikuwa nimelala. Pombe sijaionja maishani, si nilipokuwa binti wa Kilutheri kwetu Kichiwa, si nilipoolewa na Mwislamu. Niliyoyaona niliyaona mchana, mlango wa duka ukiwa wazi na mwanangu yuko mgongoni. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anisikilize.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Makambako wakati huo ilikuwa njia panda tu, maduka machache ya mabati, malori yakisimama kupoza injini kabla ya kushika njia ya Njombe au ya Mbeya. Duka mojawapo lilikuwa la mume wangu, Saidi, Mwarabu wa Yemeni. Nilimpenda mtu yule hadi baba yangu akaacha kusema nami. Nilijua tangu mwanzo kwamba ana mke kwao, jina lake Nuria. Hakunificha. Lakini mke mwenza aliye ng'ambo ya bahari, ambaye hujapata kumsikia hata akikohoa, anakuumiza nini? Niliishi miaka bila kumfikiria.

Kisha Saidi akaamua kurudi kwao Sanaa kutembea, nami niende naye.

Basi jioni zetu zote zikawa za safari. Tutapanda lori hadi Dodoma, treni hadi Dar es Salaam, meli hadi Adeni, kisha lori tena, milimani, siku kadhaa. Akanieleza mji ulivyo. Nyumba za udongo, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha yamezungushiwa chokaa nyeupe. Nami nikadhani uko bondeni kwenye joto, kwa kuwa alisema ni jangwa.

"Jangwa liko juu ya mlima, mama Salma," akasema. "Juu kuliko Njombe. Usipande ngazi mbio, hewa yake nyepesi. Na baridi ya kwenu ina maji, ya kwetu ni kavu, itakupasua midomo. Chukua sweta, chukua mafuta ya kondoo."

"Tutalala wapi?"

"Chumba cha juu, chenye vioo vya rangi. Nuria akipenda. Funguo anazo yeye."

Hapo ndipo wivu uliponichoma. Tangu siku hiyo nikaanza kusikia jina hilo kila mahali. Nuria hapendi kelele asubuhi. Nuria hunywa kahawa ya maganda, ya buni haitaki. Nuria ana kovu kwenye nyusi, alianguka kisimani utotoni. Alipokuwa akiyasema hayo alikuwa akikunja nguo polepole, huku akitabasamu peke yake. Mimi nilimzalia mtoto, nikamkandia unga katika baridi ya mwezi wa saba, na sikumbuki kama aliwahi kutabasamu vile kwa kovu langu lolote. Akaleta kitambaa cha mahameli, chekundu kama damu ya kuku, akakiweka sandukuni juu ya nguo zangu. Sikuuliza ni cha nani. Ungeuliza wewe?

Siku yenyewe, Saidi alikwenda Njombe bomani kufuatilia karatasi za safari. Ukungu ulikuwa umelala hadi chini, manyunyu hayakomi, barabara tope tupu. Wateja hakuna. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza nikimbembeleza Salma.

"Kamwene," mtu akasema mlangoni.

"Kamwene," nikaitikia, nikadhani ni mtu wa kwetu.

Akaingia mwanamke mrefu, amejitanda shuka pana lenye maua makubwa ya buluu na ya kijani, namna ambayo hatukuwahi kuiuza. Uso wake mzuri, tena mzuri wa kuudhi. Lakini midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa shamba lililokosa mvua. Na viatu vyake, niaminini, vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Nje kunanyesha! Vumbi hilo kalipata wapi?

"Dada, nina kiu," akasema kwa Kibena, tena Kibena cha Kichiwa, kama cha mama yangu mzazi.

Nikamchotea. Akanywa kata moja, akanywa nyingine, mwisho akachukua ndoo kwa mikono miwili akaimaliza. Hakushukuru. Akapita kando yangu kuingia chumba cha nyuma bila kuuliza njia, nami nikamfuata mbio. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya sanduku, amefunua kifuniko, ameshika mahameli.

"Hiki cha nani?"

Wivu ukanijibia. "Changu," nikasema.

Akacheka kidogo. "Afadhali kiwe chako. Miaka yote ananiletea nyekundu. Rangi hii sikuipenda hata siku moja, na hajawahi kuniuliza."

Ndipo nikaiona nyusi, na kovu limeikata katikati.

"Umefikaje huku?" nikauliza. Ni swali la kijinga, najua, lakini ndilo lililotoka.

"Nilichoka kusubiri." Akainua uso akasikiliza mvua juu ya mabati. "Wasafiri waliniambia ana mke mahali ambapo maji yanaanguka tu, mtu hata hayaombi. Nilikuwa nikipanda darini nakuonea wivu. Mume nilikwisha kumzoea kuwa hayupo. Nilikuonea wivu wa mvua. Halafu nikasikia na mtoto yupo."

Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea mgongoni kwangu. "Nipe nimpakate. Mara moja tu."

"Hapana."

"Mimi sikupata, dada."

"Nimesema hapana! Mume umekuwa naye kabla yangu, nyumba ni yako, funguo ni zako. Huyu ni wangu!"

Akanishika mkono ili anisogeze. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama makapi ya mahindi, hakina joto wala baridi. Nikamsukuma, nikapiga yowe hadi Salma akaamka akilia. Yule mwanamke akamtazama mtoto alivyolia, akashusha mkono. Wivu niliouona machoni pake sijauona tena kwa kiumbe yeyote, nao ulikuwa sawasawa na wangu. Kisha akatoka. Nilipofika mlangoni palikuwa na ukungu tu, na katika tope, mahali alipokanyaga, udongo ulikuwa mkavu mweupe, manyunyu yanauangukia na haulowi.

Saidi alirudi jioni na lori la mbao. Nikamweleza yote. Nilitaka anionee huruma, nilitaka akasirike kwa ajili yangu. Badala yake akaketi juu ya gunia la chumvi, akaniuliza neno moja tu: "Alikuwa amekonda?"

Haikupita muda mrefu akapita Mwarabu mwenzake wa Iringa, aliyerudi majuzi kwa meli kutoka kwao. Alileta habari kwamba Nuria alikufa kwa homa, na alikwisha kuzikwa kabla hata sisi hatujanunua sanduku la safari.

Salma alikua, ana wajukuu sasa, hana kasoro. Mimi mkono wangu, pale aliponishika, ngozi haishiki maji mpaka leo. Yanateleza kama juu ya jani la gimbi. Hilo nimelizoea. Lililonishinda ni jingine.

Nilipouliza safari ni lini, Saidi alisema, "Niende kumwona nani? Si alikuja mwenyewe?" Akaanza kuniomba nimsimulie. Alivaaje? Alisemaje? Alicheka vipi, fungua mdomo nione. Kila jioni, miaka na miaka, hadi nilipomzika. Alikuwa akinishika kidevu akiniangalia machoni kwa upendo mwingi, na nilijua anayetafutwa humo si mimi. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho kumwona Nuria, basi.

Kwa hiyo nawaambia mlioolewa wake wenza: aliye hai mtagombana, mtapatana, mtazeeka pamoja. Lakini mwenzako akikujia akiwa amekwisha kufa, mpe maji anywe ashibe, mfiche mtoto, mfungie mlango. Na mumeo akirudi, mwandalie chakula, nyamaza.