Magogo Thelathini na Moja Bila Muhuri

Mtu anayemaliza kidato cha nne kwa darasa la jioni, akiwa na watoto watatu, huwa hatari kwa muda. Mimi nilikuwa hatari mwezi mzima. Nilisoma mifuko ya mbolea, matangazo ya mazishi, hata maandishi ya nyuma ya kiberiti. Kwa hiyo kikundi chetu kilipopata kibali cha kuvuna mikaratusi katika msitu wa serikali juu ya Manga, mimi ndiye niliyepewa kukisoma, nikakisoma mpaka herufi zikachoka.

Mawili yalinikaa moyoni. La kwanza, gogo la msitu wa serikali halivuki mpaka wa nchi likiwa zima. Lazima lipasuliwe mbao humu humu nchini, na yetu yalikuwa ya kwenda kwa Mhindi mwenye kiwanda cha mbao mjini Kisii. La pili, kila gogo liwe la futi kumi na mbili. Afisa wa misitu alikuwa ameshapanda na nyundo yake ya chuma, akayagonga muhuri kwenye ncha nene, yote thelathini na moja, ili yajulikane yalikotoka mpaka yafike kwenye msumeno.

Asubuhi ya kupakia nikapima. Futi kumi na mbili na kiganja! Nikamwamuru mwenye msumeno wa mashine aondoe kile kiganja, nikasimama hapo kama waziri anayezindua barabara. Vipande vilianguka kama chapati za arusi ya majitu. Akina mama wa kikundi wakavigombania: huyu kigoda, yule kifuniko cha mtungi. Msitu mzima ulinukia dawa ya kifua, na mimi nilinenepa kwa furaha.

Afisa alipokuja kutia sahihi, aliyazunguka magogo mara moja, akarudia. Hakupaza sauti.

"Unajua ni nani hukata muhuri? Ni wale wanaotaka kuvusha magogo mpaka wa nchi."

Nilimwonyesha mstari wa kibali unaotaja futi kumi na mbili. Akanieleza polepole kwamba kiganja huachwa makusudi, kwa sababu ncha hupasuka juani, na kwamba muhuri wake ulikuwa umeondoka nacho. Halafu akasema mzigo utazuiliwa na kibali kitarudi ofisini. Mwenyekiti wetu, omong'ina, yaani mama mzee, aliyebeba miche ya msitu ule mgongoni tangu mimi sijajua kusoma, aliketi kwenye nyasi na kuvua viatu. Kibali hicho alikiomba mpaka mabawabu wa ofisi wakamzoea kama jamaa.

Ni yeye aliyemsihi. Afisa akakuna kidevu, akatoa sharti: vipande vyote virudi kabla ya saa kumi, kila kimoja kikae kwenye gogo lake mbele ya macho yake, naye atagonga upya. Kikikosa hata kimoja, hagongi lolote.

Nawaambia, Manga haijawahi kukimbiwa vile. Watu walishuka na kupanda ile miteremko mpaka mbuzi wakatuonea aibu. Kipande kimoja tulikikuta chini ya sufuria ya ugali, na mwenyewe akasema hakitoki mpaka uive, basi tukasimama tukiusubiri. Vilipofika tulivyodhani ni vyote, tukaanza kuvipatanisha na magogo: ufa kwa ufa, duara kwa duara. Kila kilipokaa sawasawa tulishangilia kama tumefunga bao.

Thelathini vikakaa. Gogo moja likabaki wazi, na saa kumi ilikuwa inakaribia. Kila mama aliapa amekwisha rudisha chake. Omong'ina akanigeukia.

"Mura, kijana wangu, na wewe ulichukua nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kipande kizuri kuliko vyote nilikuwa nimekikimbiza nyumbani mwenyewe, nikakipigilia ukutani kando ya cheti changu.

Bodaboda iliyonibeba haikugusa ardhi. Nilirudi na kipande, msumari ukiwa bado umo. Kikakaa kwenye gogo kama jicho kwenye tundu lake. Afisa aliutazama msumari, akanitazama mimi, akauliza kilikuwa wapi. Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini, kisha akaiokota na kugonga, mara thelathini na moja, na mlio wa mwisho nadhani ulisikika mpaka Ogembo.

Lori lilipong'oa nanga kwenda Kisii, omong'ina alinyoosha mkono.

"Tata, baba yangu, cheti ni chako. Kibali nipe mimi."

Yeye hajui kusoma. Lakini tangu siku hiyo, kabla msumeno haujawashwa, humuuliza afisa kwanza, na hakuna gogo letu lililozuiliwa tena.